Wambea wa Ndani ya Seli: Jaribio la Kuwaainisha

Taaluma ya umbea wa kimolekuli imekaa muda mrefu bila mpangilio wa kuheshimika. Ndege wana vitabu vyao, samaki wana vyao, hata mawingu yameorodheshwa na kupewa majina. Lakini zile molekuli zinazotoka katika jiko la seli zikiwa na habari mdomoni zimeachwa zizurure bila oda wala nasaba. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo. Msomaji mwenye haraka aruke hadi oda ya pili. Huko ndiko kwenye mambo.

Tuanze na fasili, kama inavyotakiwa na adabu za kitaaluma. Mmbea ni molekuli yenye ajira halali katika umetaboli, yaani ile kazi ya kuvunja chakula na kujenga mwili, ambaye juu ya ajira hiyo hupeleka habari kwa seli za kinga. Masharti ya kuingia katika orodha ni matatu. Kwanza, awe na kazi nyingine inayomlisha. Kwa sharti hili tunaziondoa insulini, saitokini na homoni zote, kwa kuwa hao ni matarishi wa kuajiriwa, na tarishi anayefikisha barua hafanyi umbea. Pili, akutwe mahali asipotarajiwa, au kwa wingi usiotarajiwa. Tatu, pawe na sikio: kipokezi, kimeng'enya au protini yoyote inayogeuza mwenendo kwa kumsikia. Anayenena pasipo sikio anaongea peke yake, na hao wana wataalamu wao.

Kisarufi tutawapa wambea wetu upatanisho wa viumbe hai. Wahariri wakali watanung'unika, lakini mwenye mdomo haitwi "hiki".

Habari inayobebwa karibu kila mara inahusu mchochota. Celsus, mwandishi wa Roma wa karne ya kwanza, aliupa alama nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Aliyewahi kuchomwa na mwiba akauacha siku mbili anazijua zote bila kusoma Kilatini. Nyuma ya alama hizo yupo makrofaji, seli mlaji wa vijidudu na masalia, ambaye akinusa bakteria hulipindua jiko lake lote kwa muda wa saa chache. Huanza kuchachusha glukosi kwa pupa hata pale oksijeni inapopatikana tele, tabia ambayo Otto Warburg aliiona kwenye uvimbe wa saratani huko Berlin miaka ya 1920. Shule ya zamani ilieleza kwamba makrofaji anahitaji nguvu za haraka, basi. Shule hiyo haikudanganya, ila ilihesabu magunia ya mkaa na kusahau kuuliza wapishi wanasemezana nini.

Na wapishi wanasemezana. Kila aliyesoma baiolojia kidato cha tano na sita amewahi kuchora mzunguko wa Krebs: duara, mishale, sitreti juu, oksaloaseteti akimsubiri mwenzake. Hans Krebs, daktari Myahudi aliyefukuzwa kazi Ujerumani mwaka 1933 na kupokewa Uingereza, aliukamilisha Sheffield mwaka 1937. Jarida la Nature likamrudishia barua yake kwa sababu lilikuwa na barua za kutosha kwa wiki kadhaa. Akaupeleka mzunguko wake kwenye jarida la Uholanzi, na mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobel. Tunalitaja hili kwa ajili ya wanafunzi waliokataliwa tasnifu.

Kasoro ya mchoro ule ni kwamba hakuna anayetoka nje ya duara. Kila molekuli inapokea, inageuka, inakabidhi, kama ilivyo kwenye ratiba ya kazi ya ofisi yoyote ile, ambako pia kwenye karatasi hakuna anayesimama kwenye korido. Ndani ya makrofaji aliyekasirishwa na bakteria duara hukatika mahali pawili: baada ya sitreti, na tena kwa saksineti. Penye kukatika ndipo panapojaa watu. Na watu waliojaa mahali bila kazi mikononi, msomaji anajua kinachofuata.

Oda ya kwanza ni ya Wapayukaji, na kielelezo chake ni saksineti. Mwaka 2013 kundi la Luke O'Neill wa Trinity College, Dublin, lilieleza jinsi anavyofanya. Katika seli iliyotulia, protini iitwayo HIF-1α hutengenezwa na kuuawa papo hapo. Kimeng'enya maalumu huitia alama ya kifo kwa kutumia oksijeni, na takataka ya kazi hiyo ni saksineti mwenyewe. Sasa saksineti akirundikana mlangoni, kimeng'enya hukabwa na takataka yake. HIF-1α inaponea, inaingia kwenye kiini na kufungua jeni la IL-1β, mojawapo ya saitokini zinazoleta homa. Kituko ni kwamba HIF-1α iliwekwa kwa ajili ya siku za uhaba wa oksijeni (waliochambua jinsi seli zinavyoihisi oksijeni walitunukiwa Nobel ya tiba mwaka 2019). Saksineti anatangaza ukata huku ghala limejaa, na mtaa mzima unamwamini.

Uzushi huo una manufaa, tusimwonee. Bakteria wameingia, homa inatakiwa, na hakuna muda wa kuitisha kikao. Lakini mpayukaji hana breki. Mwaka 2014 watafiti wa Cambridge na wenzao walionyesha kwa panya kwamba moyo uliokatiwa damu hulundika saksineti, na damu inaporudi, saksineti yule huchomwa kwa kasi hadi mitokondria ikatema oksijeni yenye sumu. Msaada unaingia mlangoni, naye ndiye anayewasha moto. Akitoka nje ya seli ana kipokezi chake rasmi, kilichotambuliwa mwaka 2004, hivyo hata majirani wasio na bakteria hupata habari. Sifa bainifu za oda hii, kwa hiyo: sauti kubwa, nia isiyojulikana, hasira ya kuambukiza.

Oda ya pili ni ya Wazimaji, na hapa mwandishi anakiri upendeleo. Kielelezo ni itakoneti. Wenye viwanda walimjua zamani kabla ya madaktari: kuvu aitwaye Aspergillus terreus humtoa kwa wingi, naye huingia kwenye plastiki, gundi na rangi. Hakuna aliyemtafuta ndani ya mnyama. Wakati huohuo, mwaka 1995, wanasayansi walikuwa wamesajili jeni la panya ambalo huwaka kwa nguvu makrofaji anaponusa bakteria. Kwa kuwa hawakujua linafanya nini, waliliita kwa kilichoonekana tu: jeni namba moja la kuitikia kinga, IRG1. Jeni hilo likakaa na jina lake la muda kwa karibu miaka ishirini. Mwaka 2011 itakoneti akakutwa ndani ya makrofaji, na mwaka 2013 kundi lililoongozwa kutoka Luxembourg likaunganisha vipande: IRG1 hutengeneza kimeng'enya kinachomchukua mmoja wa ukoo wa sitreti, pale pale kwenye mkatiko wa kwanza wa duara, na kumgeuza itakoneti.

Anafanya nini? Sura yake imefanana na ya saksineti kiasi cha kuweza kuketi kwenye kiti chake. Huingia katika kimeng'enya kinachomchoma saksineti, akakaa, akazuia. Kwa maneno mengine, anauzima ule moto wa mitokondria kwa kukalia kuni. Kisha mwaka 2018 ikaonekana kwamba hujibandika kwenye protini KEAP1, mlinzi anayemfungia Nrf2, na Nrf2 akiachiliwa huwasha jeni za kutuliza na za kusafisha sumu. Makrofaji yuleyule, kwa sababu ya bakteria walewale, huanza kupayuka na baadaye kidogo huanza kutengeneza kwa mikono yake kinachomnyamazisha. Wanazuoni wa mwenendo wa binadamu wangefurahi kupata jambo kama hili kwa washirika wao wa utafiti.

Kuna na la ziada. Bakteria wa kifua kikuu, akiwa ndani ya makrofaji, hula mafuta, na ili kujenga mwili kwa mafuta anahitaji njia ya mkato ambayo sisi hatuna. Itakoneti hukiziba kimeng'enya cha kwanza cha njia hiyo. Panya wasio na jeni la IRG1 walipoambukizwa kifua kikuu walikufa haraka, tena kwa mchochota uliopita kiasi. Hata hivyo tusipige vigelegele: bakteria huyo anavyo vimeng'enya vya kumvunjavunja itakoneti, na bakteria wa tauni naye anavyo. Wamejifunza kula kizimamoto. Vilevile makrofaji wa binadamu humtengeneza itakoneti kwa kiasi kidogo sana kuliko wa panya, jambo ambalo wanaoandika vichwa vya habari vya "dawa mpya ya kutuliza mwili" hulipitia kwa mbio kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Oda ya tatu, Wagonga Mihuri. Lakteti alitambuliwa na Carl Wilhelm Scheele kwenye maziwa yaliyochacha mwaka 1780, na tangu hapo amesingiziwa mengi, likiwemo lile la kwamba ndiye anayewaumiza misuli wakimbiaji siku ya pili. Siye. Kwa zaidi ya karne amehesabiwa taka ya glukosi iliyochachushwa, kitu cha kutupwa nje ya seli na kusahauliwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wakaonyesha kwamba lakteti hubandikwa juu ya histoni, zile protini ambazo DNA imejizungusha, kama muhuri juu ya jalada, na majalada yenye muhuri huo hufunguliwa. Katika makrofaji mihuri huchelewa. Saa za mwanzo ni za vita. Karibu na siku kutimia, lakteti waliorundikana kutokana na vita hivyo hivyo hufungua jeni za kukarabati. Anayepima kelele kwa kuhesabu takataka, huyo ni karani hasa. Nimemweka katika oda yake pekee kwa sababu ndiye mmbea anayeandika.

Oda ya nne ni ya Walioonekana Nje. Hawa hawasemi neno. Kuonekana kwao tu kunatosha. ATP, sarafu ya nguvu ya kila seli, yumo ndani kwa wingi unaozidi wa nje maelfu kwa maelfu ya mara. Ukimkuta nje, ukuta umepasuka, seli imekufa vibaya. Makrofaji wana kipokezi kinachomngojea, P2X7, na kikimpata hukamilisha kazi aliyoianza saksineti: IL-1β iliyoandaliwa hukatwa na kuachiwa. Geoffrey Burnstock alipodai mwaka 1972 kwamba molekuli za ukoo wa ATP hupeleka ujumbe nje ya seli, wengi walimcheka. Mtu anatumiaje pesa taslimu kama barua? Jibu limekuja pole pole na sasa liko katika vitabu vya kiada.

Mwili, kwa bahati, una vimeng'enya viwili vinavyomsubiri ATP huko nje na kumnyofoa fosfeti hadi abaki adenosini, ambaye hutuliza seli zilezile zilizoamshwa na baba yake. Adenosini huyo pia hutuletea usingizi, na kafeini humkalia kipokezi chake ndipo tukakesha. Uhusiano kati ya jambo hili na kahawa chungu ya barazani baada ya swala ya isha, ambako umbea wa daraja nyingine hushamiri, unastahili tasnifu yake.

Ndugu wa ATP katika oda hii ni asidi ya yuriki. Wanyama wengi wanaonyonyesha wanacho kimeng'enya cha kuivunja. Sisi na masokwe tulikipoteza katika safari ya mageuzi. Ikizidi hugeuka fuwele, na hupenda maungo yaliyo baridi, ndiyo maana dole gumba la mguu hushikwa kwanza. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba fuwele hizo huamsha mtambo uleule wa kukata IL-1β. Ugonjwa huu mtaani huitwa gauti, kamusi huuita jongo, na wenye nyama choma huilaumu bia huku wenye bia wakiilaumu nyama. Wote wawili wana hoja.

Oda ya tano ni fupi kwa sababu wanachama wake hawapo. Ni oda ya Watoro. Triptofani, asidi amino tunayoipata kwenye maharage, mayai na samaki, hutangaza kwa kutoweka. Mwaka 1998 kundi moja huko Georgia, Marekani, liliwapa panya wenye mimba dawa inayozuia kimeng'enya IDO, kinachomteketeza triptofani kwenye kondo la nyuma. Mimba zenye damu ya baba mgeni zikaharibika kwa kushambuliwa na seli za kinga za mama ziitwazo seli T. Maelezo yao: pale triptofani anapokosekana, seli T hulegea na mtoto huachwa salama. Baadaye masalia yake, kinurenini, wakaonekana nao wana la kusema. Kuna mtu ambaye ukimya wake ukumbini hufanya kila mmoja ashushe sauti; huyo ndiye.

Oda ya sita, Wapangaji, imezua ugomvi katika kamati ya uainishaji (yaani kati ya mwandishi na mwandishi), kwa kuwa wambea wake si wazaliwa wa nyumba. Butireti hutengenezwa na bakteria wa utumbo mpana kutokana na nyuzinyuzi za chakula ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuziyeyusha. Harufu yake ni ya siagi iliyoharibika, na ndimo alimotambuliwa mwanzoni mwa karne ya 19. Seli za ukuta wa utumbo mpana humtegemea kwa sehemu kubwa ya nguvu zao. Mwaka 2013 makundi matatu yalitangaza, kila moja kivyake, kwamba asidi za ukoo wake huongeza seli T za kutuliza kinga. Kodi, kwa kifupi, hulipwa kwa habari njema.

Aliyelipa suala la nyuzinyuzi sauti duniani alikuwa Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi Lira kisha Mulago, Kampala. Wengi wanamjua kwa saratani ya taya inayobeba jina lake. Yeye mwenyewe, uzeeni, alizunguka duniani akihubiri juu ya kinyesi: kwamba wakulima wa Uganda, walaji wa vyakula visivyokobolewa, walikuwa nacho kingi na laini, na magonjwa ya utumbo ya Wazungu yalikuwa nadra kwao. Hakuwa na butireti katika hoja yake. Alikuwa na mizani, na picha ambazo wenyeji wake hawakupenda kuonyeshwa kabla ya chakula.

Jambo hili limerudi Afrika Mashariki kwa vipimo. Watafiti wa Hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha mwaka 2021 kwamba Watanzania wenye afya wa mjini walikuwa na seli za kinga zenye mchochota zaidi kuliko wenzao wa vijijini, na kwamba chakula na umetaboli vilihusika. Mwaka 2025 wakaleta jaribio lenyewe, wanaume vijana 77 wa Kilimanjaro. Wa vijijini walilishwa kwa wiki mbili kama mjini, soseji na mkate mweupe na chipsi; wa mjini wakarudishiwa ndizi, kunde na mboga za kwao; wengine wakanywa mbege kwa wiki moja. Kwa waliohamia chakula cha mjini, protini za mchochota zilipanda kwenye damu na seli zao zikaitikia vijidudu kwa ulegevu. Kwa waliorudi nyumbani na wa mbege, mambo yalielekea upande wa pili, na baadhi ya mabadiliko yalionekana bado wiki nne baadaye. Mwandishi anaomba wasomaji wa Moshi wasiikate aya hii na kuibandika kilabuni. Ilikuwa wiki moja, kwa vijana, chini ya uangalizi, na mbege ina kileo.

Sasa turudi kwenye kabati la vielelezo, kwa maana kuna kadi zinazogoma kukaa. Fumareti, jirani wa saksineti katika duara, aliingia hospitalini kwa mlango wa nyuma: mwaka 1959 mkemia Mjerumani, Walter Schweckendiek, mgonjwa wa soriasisi, aliandika kwamba alijitibu kwa kemikali za ukoo wake akiamini ugonjwa ni upungufu wa fumareti. Nadharia hiyo imezikwa, lakini ngozi ilipata nafuu, na mwaka 2013 dawa ya ukoo huo iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa ambao kinga hushambulia ala za neva za ubongo na uti wa mgongo. Je, mmbea aliyepewa cheti cha dawa anabaki mmbea? Sharti letu la kwanza halikuliona hili likija.

Saksineti mwenyewe ndiye mbaya zaidi. Mwaka 2018 makundi matatu yalimkuta katika utumbo mwembamba wa panya, akiwa ametolewa na vijidudu wapangaji, akiongea na seli chache za ukuta zenye vishungi kupitia kipokezi kilekile cha mwaka 2004. Hapo hapakuwa na homa wala HIF-1α. Ujumbe ulipokewa kama taarifa ya usafi: ute ukaongezeka, kinga ya kufukuza minyoo ikaamshwa. Molekuli ni ileile, chembe kwa chembe. Kilichobadilika ni ukumbi, aliyemleta, na nani alikuwa karibu na mlango.

Kwa hiyo saksineti ana kadi tatu kabatini, moja kwa Wapayukaji, moja kwa Walioonekana Nje, moja kwa Wapangaji, zote zimeunganishwa kwa uzi mwekundu. Lakteti ana mbili, kwa sababu naye ana kipokezi nje ya seli ambacho mwandishi alijaribu kukifumbia macho. Fumareti ana moja na cheti cha daktari. Sitreti, ambaye tulimpita pale juu kwenye mkatiko wa kwanza, hajaandikiwa kadi kabisa. Kila tukimwita kwa usaili tunaambiwa ametoka, yuko kwenye utengenezaji wa mafuta.